Nusu ya Sindano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mama Kifungo,

Muuguzi ameniambia simu zenu zimefungiwa kabatini mwezi mzima kwa amri ya daktari, ila barua ruksa. Haya basi. Mimi niliyeikimbia shule kwa sababu ya insha, leo naandika barua kwa mke wangu mwenyewe! Usicheke mwandiko. Mkono huu umezoea mkasi.

Hapa hatujambo. Dada yangu bado yuko nasi tangu siku ile. Ameshika jiko, ameshika ufagio, na mimi amenishika masikio. Chumba cha mbele hakina pa kukanyaga, nina sare za shule nzima za kumaliza kabla muhula haujashika kasi, na Mzee Pasi anapiga pasi huku analalamikia kola zangu, utadhani yeye ndiye aliyenifundisha kushona.

Kifungo mzima. Anakwenda shule, anarudi, anakula kidogo. Tulimwambia umekwenda kozi, na kozi hiyo inaendelea. Dada alisema mtoto wa miaka tisa haambiwi mambo ya hospitali, sembuse ya tumbo, na mimi nikaona ana hoja. Na kweli hakuuliza. Siku ile teksi ilipoondoka alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia, "Mama anakwenda kozi." Akasema, "Ndiyo, baba," akaenda kunawa mikono. Kuhusu mtoto aliyekuwa tumboni hajatamka neno mpaka leo, na sisi hatumkumbushi. Watoto wanasahau upesi, mshukuru Mungu kwa hilo.

Kinachoniudhi ni kimoja tu, sindano zinaniishia. Wiki mbili hizi zimepotea pakiti tatu za cherehani, na za mkono zote, hata ile nene ya kushonea makoti. Kuna mtu ana mkono mrefu humu ndani. Nitamkamata.

Nimeweka humu barua ya Kifungo. Ukimjibu, usijisahau, uko kozi.

Kula, mke wangu. Hata kama huna hamu, kula.

Fundi wako

*

Jumatatu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kozi inaendeleaje? Mimi naendelea vizuri na masomo. Nimepata nane kwa kumi kwenye hesabu za sehemu.

Nataka kukuuliza mambo mawili. La kwanza, ukilala unaumwa na kifua? Upande wa kushoto? La pili, mkono wa kushoto unaweza kuuinua juu kabisa? Naomba unijibu la kifua kwanza.

Mtoto wako,
Kifungo

*

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Baba Kifungo,

Nimeshika kalamu tangu chai ya asubuhi na sasa wanaleta chakula cha mchana. Ndiyo hali yangu. Sina habari ya kukupa. Nina kitanda cha dirishani, nje kuna ukuta na bomba la maji, na nauangalia huo ukuta. Daktari, mwanamke mdogo mwenye miwani, ananiuliza kila siku nimelalaje. Namwambia vizuri. Hanisadiki, nami simlaumu.

Silii. Wenzangu wodini wanalia na mimi nawatazama tu. Usiniambie habari za tumbo, umefanya vema kunyamaza. Na mtoto asijue. Atanionaje?

Mpe Kifungo karatasi hii ndogo. Maswali yake yamenichekesha kidogo, kumbe bado naweza. Huenda amesikia watu wakisema mama ana huzuni moyoni.

Mkeo

Kifungo mwanangu, marahaba. Kozi ni nzuri, walimu ni wengi. Hongera kwa hesabu. Nina mafua tu, na kifua kinaniuma kidogo, lakini si kitu, kitapoa chenyewe. Msikilize shangazi. Mama.

*

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mama Kifungo,

Sikutaka kukuandikia haya, ila nimeishiwa na mtu wa kumwambia. Mtoto hali. Tangu Jumatatu nilipompa karatasi yako, tumbo linapokea maji na uji vijiko viwili, basi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja ikawa ndogo kabisa, akaitia ndani ya soksi. Nikamuuliza mama anasemaje. "Anasema ana mafua, baba." Usiku huo huo akarudia kukojoa kitandani. Kifungo! Aliyeacha akiwa na miaka mitatu! Dada amemfokea, mimi nikamfokea dada, nyumba nzima ikawa makelele.

Mwalimu wake ameniletea barua. Anasema Kifungo darasani anashika kifua muda wote macho ameyaelekeza sakafuni, wakati wa mapumziko haendi kucheza, na akiitwa anashtuka mpaka kalamu inamtoka mkononi. Anauliza kama kuna jambo nyumbani, kwamba tukimwambia atajua namna ya kukaa naye. Nimemjibu kwamba nyumbani ni salama. Ningemwambia nini? Kwamba mke wangu yuko wapi?

Na yule mwizi nimempata. Ni Mzee Pasi. Juzi nilifungua pakiti mpya asubuhi, mchana haipo, na tulikuwa sisi wawili tu mle ndani. Sikulitegemea hilo kwa mtu niliyefanya naye kazi miaka kumi na moja. Nikamwambia mbele ya kila mtu achukue shuka lake la pasi aende zake. Hakujitetea. Alisema tu, "Fundi, siku moja utanitafuta," akatoka.

Kifungo alikuwa mlangoni na begi la shule. Alilia mpaka akatapika. Nilidhani ni kwa kumzoea yule mzee. Nimechoka, Mama Kifungo. Nimechoka sana.

Fundi

*

Jumanne, tarehe 18 Machi

Mke wangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Mtoto yupo, mzima, yuko chumba cha pili na dada. Nimeanza na hilo makusudi. Sasa nisome taratibu, maana hata mimi ninayeandika siamini ninachoandika.

Leo saa nne asubuhi mwalimu alikuja mwenyewe hapa, anahema, kuuliza kwa nini Kifungo hakufika shule. Mimi nilimwona akitoka na sare na begi! Nilitupa mkasi nikatoka kandambili mguu mmoja. Nilikwenda kila mahali, shuleni, sokoni, kwa rafiki yake wa nyumba ya kona, kwenye mtaro wa maji. Kwenye mtaro nilipiga magoti nikachungulia ndani ya kalvati, mke wangu. Sitakuelezea nilichokuwa nafikiri pale.

Saa saba nikarudi, na nikamkuta Mzee Pasi amekaa kwenye kiti cha wateja. Kifungo kasimama katikati ya magoti yake, kashika kopo la maziwa ya unga. Nilitaka kumrukia mzee wa watu. Akainua kiganja. "Fundi, kabla hujafungua mdomo, fungua hilo kopo."

Sindano. Kopo zima. Za cherehani, za mkono, ile ya makoti, pini za kupimia, zote. Juu yake sumaku yangu ya kuokotea sindano. Na juu ya sumaku, nusu ya sindano moja imefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Mzee akasema, "Mwanao kaja kwangu kwa miguu. Kaniambia, babu, mwizi ni mimi, mrudie baba umwambie. Halafu akaniomba nimpeleke stendi, apande gari aende kwa mama yake kumtoa sindano."

Nikasema, "Sindano gani?"

Hapo ndipo Kifungo aliposema, na hakulia hata chozi. Aliongea taratibu kama mtu aliyekariri. Nakuandikia alivyosema.

Siku ile alikuwa anashona kofia ya mtoto kwa siri, amekaa kwenye kiti chako. Akasikia unakuja, akaficha kofia, akasahau sindano kwenye mto wa kiti. Ukakaa. Ukasema "Aii!" ukaruka. Wewe uliendelea na mambo yako. Yeye akaiokota sindano, akaona ni nusu. Akachukua sumaku akatafuta nusu ya pili chini ya kiti, kwenye mkeka, kwenye nyufa, mchana kutwa. Haikuwepo. Alipoinua kichwa wewe umeshika tumbo, na mimi naita teksi.

Unajua nimeandika nini kwa chaki juu ya cherehani yangu. Sindano ikivunjika, tafuta nusu. Na unajua ninavyowatisha watoto wa wateja ili wasichezee vifaa vyangu, kwamba nusu isipoonekana imeingia mwilini, inatembea na damu kidogo kidogo mpaka ifike kwenye moyo, ikifika ni kwaheri. Mama yangu, ni mimi niliyesema maneno hayo! Nayasema kila wiki, nacheka!

Mwezi mzima mtoto anajua kwamba ameua mdogo wake, na sindano iko njiani inakuja kwenye moyo wako. Sisi tunamwambia kozi. Alizikusanya sindano zote ili asichomwe tena mtu, mimi wala shangazi yake. Ndipo ikaja karatasi yako kwamba kifua kinauma.

Nilimshika mabega nikamwambia, "Mwanangu, si kweli, hakuna sindano, mama hakuugua kwa sababu yako." Akanitazama usoni. Akasema, "Baba, wewe ulisema mama yuko kozi."

Dada alikuwa mlangoni na mwiko, akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa.

Mimi haniamini tena. Ni wewe. Najua huna nguvu, najua hata kalamu inakushinda, lakini nakuomba kwa yote tuliyonayo, mwandikie. Barua hii anakuletea dereva wa gari la saa kumi, anangoja jibu mpaka kesho kutwa.

Fundi

*

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Mume wangu,

Niliisoma nimesimama ingawa uliniambia nikae. Muuguzi anasema nilipiga ukelele, mimi sikujisikia. Nililia toka mchana ule mpaka mashuka yakabadilishwa, kilio changu chote cha mwezi mzima kilikuja kwa pamoja, cha yule aliyekufa na cha huyu aliye hai. Daktari alikaa pembeni ya kitanda. Baadaye akaniambia, mtoto asipoambiwa jambo, nafasi yake haikai wazi, anaijaza mwenyewe, na mara nyingi anajiweka yeye mwenyewe mle ndani kama mkosaji. Nikamwambia, "Laiti ungekuja kwetu mwezi uliopita." Akasema, "Ndiyo maana tunawauliza wagonjwa kama wana watoto, na wewe ulinijibu mtoto wako hana shida."

Kweli nilimjibu hivyo.

Najuta. Nilikuwa nalinda uso wangu mbele ya mtoto. Sikutaka ajue mama yake ni wa wodi hii. Mwambie wifi asijilaumu, tulikubaliana sote watatu, na mimi ndiye niliyekuandikia "mtoto asijue".

Barua ya Kifungo nimeiandika peke yake. Usiisome wewe kwanza. Mpe aifungue. Na Mzee Pasi, baba Kifungo, umwendee kwa miguu yako, usimtumie mtu.

Mkeo

*

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Kifungo mwanangu,

Uliniuliza la kifua nikakujibu kwa mzaha, kwa sababu sikujua ulichokuwa unauliza. Leo najibu sawasawa.

Nusu ya pili ya sindano niliitoa mimi. Ilinichoma pajani, ikakatikia kwenye gauni, kwenye upindo. Niliivuta kwa kucha mbili nikaitupa kwenye pipa la vipande vya nguo. Sikukwambia kwa sababu halikuwa jambo, nimechomwa na sindano mara mia tangu niolewe na fundi. Haimo mwilini mwangu. Kifua kiliniuma kwa mafua na mafua yameisha. Mkono wa kushoto nauinua juu kabisa, nimeuinua sasa hivi, muuguzi ameniona na ameandika hapa chini.

Sasa mambo ambayo hatukukwambia. Siko kozi, sikuwahi kwenda kozi. Mdogo wako alikufa tumboni. Moyo wake ulisimama. Madaktari wanasema ulisimama tangu jana yake, usiku, kabla hujashika hata uzi wa ile kofia. Hakuna aliyemfanya kitu. Wewe hukumfanya kitu. Mimi pia naambiwa hivyo kila siku, na kuna siku naamini na kuna siku siamini, ila kuhusu wewe naamini kila siku.

Baada ya hapo huzuni ilinizidi, nikawa siwezi kula wala kuongea wala kuamka. Huo ni ugonjwa. Hospitali hii inatibu ugonjwa huo, kwa dawa na kwa mazungumzo. Hauambukizi, na haukutoka kwako.

Tulikudanganya. Tulidhani tunakusaidia. Tulikosea, mimi na baba yako na shangazi, watu wazima watatu. Nisamehe. Una haki ya kukasirika, na ukitaka kunigombeza, andika, nitasoma mpaka mwisho.

Mama

Mimi ni muuguzi wa wodi hii. Mama ameinua mkono wa kushoto juu kabisa mbele yangu. Picha ya kifua chake nimeitazama na daktari, ni safi, haina sindano.

*

Jumatano, tarehe 26 Machi

Mama Kifungo,

Aliisoma chini ya meza ya kukatia, akiwa peke yake. Mimi nilikuwa nashona huku sijui nashona nini, na nimegundua baadaye nimebandika mfuko mgongoni mwa shati. Alitoka akaja kunionesha ule mstari wa muuguzi. "Baba, huyu ni muuguzi kweli?" Nikasema ni kweli, na kama anataka tutampigia simu ofisini kwake. Akasema anataka. Tulipiga. Muuguzi, Mungu ambariki, akamsomea maneno yale yale aliyoyaandika.

Ndipo akalia. Nilimpakata, miguu yake mirefu inaburuza sakafuni, tukalia wote mpaka mteja aliyefuata suruali akasema atarudi kesho.

Jioni alikula sahani mbili. Kitanda bado kinalowa siku moja moja, na dada sasa anabadilisha shuka bila neno. Kwa mwalimu nilikwenda mwenyewe nikamweleza ukweli wote. Alinishukuru! Nilidhani atanidharau. Amemhamishia Kifungo kiti cha mbele, na wamekubaliana akijisikia vibaya ainue kitabu chekundu, atatoka nje bila kuulizwa mbele ya wenzake.

Kwa Mzee Pasi nilikwenda Ijumaa. Alinifungulia mlango akaniambia, "Umechelewa, nilikutegemea Jumatano." Nilimwomba radhi nimesimama. Amerudi. Ameanza tena kutukana kola zangu.

Yale ya chaki nimeyafuta.

Kifungo ana barua. Hajanionesha.

Fundi wako

*

Jumatano

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara sita. Nilikasirika mara ya tatu na ya nne. Mara ya tano sikukasirika sana.

Baba amesema unaruhusiwa kurudi nyumbani, lakini ugonjwa huo huondoka polepole, kwa hiyo siku nyingine unaweza kunyamaza tena na kulala mchana umeangalia ukuta. Nimemwambia asante kwa kuniambia.

Sasa nataka kujua kabla hujafika. Ukinyamaza, mimi nifanye nini? Nimefikiria mambo kadhaa. Naweza kutokwenda shule nikakaa na wewe. Naweza kuacha kucheza kwa sababu makelele ni mabaya. Naweza kulala sakafuni karibu na kitanda chako ili nisikie unavyopumua. Naweza kukusimulia vichekesho, najua vitatu. Niambie kipi kinafaa zaidi, nianze kujizoeza.

Mtoto wako,
Kifungo

*

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Kifungo mwanangu,

Marahaba. Swali lako nimelipata. Nimelibeba siku nzima, nikaenda nalo mpaka kwa daktari.

Hakuna kinachofaa. Hufanyi hata kimoja. Nikinyamaza, unakwenda kwa baba au kwa shangazi, unasema, "Mama amenyamaza." Basi. Hapo kazi yako imekwisha na ya kwao imeanza, na kama wao wamekwama wana namba ya daktari, imebandikwa mlangoni. Wewe unakwenda shule. Unacheza, na unapiga makelele. Unalala kitandani kwako.

Najua utarudi kuchungulia dirishani, nakujua. Ukinikuta bado nimenyamaza, siyo kwamba hukusema vizuri, wala kwamba vichekesho vyako ni vibovu. Ni mimi tu, naumwa. Rudi ukacheze.

Nafika kesho kutwa kwa gari la asubuhi. Sijapona, mwanangu. Nakuja hivyo hivyo.

Mama